Waya wa Redio Uliotumbukizwa Chooni

Wanangu wamenuna tangu juzi kwa sababu nimemfukuza fundi wa dishi. Alipanda kwenye paa letu hapa Majengo, akaligeuza dishi kulia, akaligeuza kushoto, picha ikagoma. Mwishowe akasema ataliinamisha litazame chini, eti mawimbi yanadunda kwenye bati la jirani. Litazame chini! Nilimwambia ashuke kabla sijamshusha kwa mchi. Wanangu wakacheka, wakasema mama amezeeka. Basi nawasimulia ninyi, maana wao hawataki kusikia. Haya niliyaona kwa macho yangu na kuyanusa kwa pua yangu. Kama ni uongo, mbona hadi leo ugali wa ulezi siugusi?

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati wa vita vya Uganda. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji kipya upande wa Mpui, nyumba zimepangwa mistari, kila nyumba na choo chake cha shimo nyuma. Baba alishafariki. Nilibaki na mama tu, kwa kuwa kaka yangu Gaspari alikuwa mwanajeshi na walishampeleka vitani. Hatukupata barua wala salamu. Mama alikuwa na redio aliyoiacha baba, na kila siku aliitegea sikio akiogopa kusikia jina la Gaspari kwenye matangazo ya vifo. Ila pale kijijini redio ilikoroma tu. Nilifunga waya wa shaba juu ya mianzi miwili, nikauelekeza mashariki, nikauelekeza kusini, nikazianika betri juani zipate nguvu kidogo. Wapi!

Mchana mmoja wa kiangazi akapita mwanamume, akasema ni fundi redio, anatoka bondeni, Kaoze. Kutoka Kaoze mpaka kwetu ni kupanda milima kwenye vumbi, lakini viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Mimi niliviona. Mama hakuona viatu, aliona fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Redio yangu haisemi."

"Itasemaje, mama? Waya umeuelekeza juu. Unayemtafuta hayuko huko juu."

Hakuna aliyemwambia kwamba tunamtafuta mtu. Akaufungua waya kwenye mwanzi, akazunguka nyuma ya nyumba, akautumbukiza chooni. Ndiyo, chooni, kwenye tundu hilo hilo mnalolifikiria. Akauvuta tena, akautazama ulivyolowa, kisha akaigusisha ncha yake kwenye ulimi, kama mafundi wanavyoonja betri. Akailamba, jamani! Akatabasamu.

"Hapa pazuri," akasema, akaurudisha.

Nilitapika palepale. Nilipoinua uso, hayupo. Barabara ya kijiji ilikuwa imenyooka mwanzo hadi mwisho, na hakukuwa na mtu.

Redio ikaacha kukoroma.

"Mama," ikasema. "Mama, ni mimi Gaspari."

Sauti ilikuwa yake, naapa, pamoja na kile kikohozi chake cha kusafisha koo. Mama alipiga magoti mbele ya redio.

"Nina njaa, mama. Niletee ugali."

"Nikuletee wapi, mwanangu?"

"Fuata waya."

Na mama akaufuata. Akasonga ugali wa ulezi, akamega tonge, akalidondosha shimoni. Ndani ya redio tukasikia kutafuna, taratibu, kwa mdomo uliojaa, halafu kucheua. Tangu siku hiyo ikawa kila mlo. Ugali, maharage, mwisho kuku wetu mmoja mmoja, wazima na manyoya yao, kwa sababu sauti ilisema haiwezi kusubiri wachemke. Nzi walikihama choo. Hebu fikirini, nzi!

Kuna jambo lilinikera zaidi ya uchafu wote huo. Sauti ilisema Kiswahili. Mama alikuwa anajua Kiswahili cha sokoni, na Gaspari tangu aanze kusema hajawahi kuongea na mama kwa lugha nyingine ila Kifipa. Nikamwambia mama.

"Jeshini wanaongea Kiswahili," akanijibu. "Amezoea."

Nikazitoa betri. Redio ikaendelea kusema. Nikauchomoa waya kutoka shimoni, mama akanizaba kibao. Akaurudisha kwa mkono wake, akajifuta kwenye kanga, akaenda kusonga ugali kwa mkono ule ule. Nikaacha kula nyumbani. Nilikuwa nakula viazi shambani, na mama alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, kwa sababu kila alichopika kilikwenda chooni.

Alasiri moja Gaspari akaingia uani. Mzima, na begi lake begani. Akamwamkia mama kwa Kifipa, mama akalia, akampapasa uso na mabega. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Nikajua yamekwisha. Mama akamwekea ugali.

Ndipo redio ikakohoa. Ikamwamkia mama kwa Kifipa, maneno yale yale, pumzi ile ile. Ilikuwa imesikiliza na imejifunza.

"Nani huyo?" Gaspari akauliza.

Mama akamtazama yeye, akaitazama redio.

"Mama, niguse, ni mimi," akasema Gaspari.

"Mama," ikasema redio, kwa Kifipa kisicho na kasoro, "huyo ameshiba. Mimi nina njaa."

Na mama yangu akauvuta ugali uliokuwa mbele ya mwanawe, akaukata nusu, akanyanyuka na nusu moja kwenda nyuma ya nyumba.

Gaspari aliivunja redio kwa jembe, akalifukia shimo mpaka juu. Mama akalia kilio cha msiba. Baadaye akawa anaweka tonge juu ya udongo ule kila mlo, na tonge halikuwahi kulala pale. Kaka hakuweza kuvumilia. Alihamia Sumbawanga mjini, akajenga, akaoa, na hakula tena kwa mama. Mama alipokuwa anakufa, yeye ndiye aliyekuwa anamnywesha uji. Mama akakisukuma kijiko, akamtazama usoni.

"Mwenzako amekula?" akamuuliza.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mtoto wake. Gaspari aliweka bakuli chini, akatoka nje. Sasa ni mzee, na jina la mama halitamki.

Kwa hiyo wewe unayesoma, sauti ya mtu wako ikikujia mahali asipoweza kuwa, ikakuomba chakula kabla haijakujulia hali, ziba masikio. Usiionee huruma. Siku ile Gaspari alipoingia uani, baada ya kuamkia tu, aliuona mwili wa mama ulivyokwisha, akauliza kama sisi tumekula. Ile sauti iliiga salamu yake, ikaiga na kikohozi. Swali hilo haikuliiga, na mama hakulisikia.