Setilaiti na Mgongo wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Darubini, na hakuna aliyeijua kazi yake sawasawa, hasa wale waliomsumbua kwa ajili yake. Fundi cherehani alimwomba amtafutie mbuzi aliyepotea. Jirani mmoja alitaka kujua kama mumewe yuko kazini kweli. Darubini aliwajibu wote kwa upole kwamba rada ya setilaiti haioni mbuzi wala waume za watu: inatupa mawimbi chini na kupokea yanayorudi, basi. Ikipita tena baada ya siku kadhaa, yeye analinganisha majibu ya kwanza na ya pili. Udongo uliotulia unajibu vilevile. Uliovurugika unajibu vingine, na hapo kompyuta inapaka rangi nyekundu.

"Kwa hiyo mbuzi hukumwona," alisema fundi, akaondoka amenuna.

Asubuhi baada ya tetemeko hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Setilaiti ilikuwa imepita, na ofisi nzima ilijazana nyuma ya kiti cha Darubini kana kwamba anagawa pilau la bure. Ramani ilikuwa na sehemu mbili nyekundu: mtaa wa mlimani, ambako simu hazikupatikana, na kipande kimoja bondeni. Kikosi cha uokoaji kilikuwa na katapila moja tu.

"Tunaanza wapi?" aliuliza mkuu wake. "Bondeni ni karibu."

Darubini akakikodolea macho kile kipande cha bondeni. Kilikuwa uani kwa mama mkwe wake. Akapiga simu.

"Shikamoo mama. Uko salama?"

"Marahaba baba. Niko salama, nimelala tu. Si unajua mgongo."

Aliujua sana. Ulikuwa unauma mwaka mzima, na mkewe alikwenda kuukanda kila Jumamosi, kwa sababu mama mkwe alikuwa hawezi kuinama hata kuokota kijiko. Ila leo, kwa mtu aliyelala, alikuwa anahema kama aliyebeba kabati mpaka ghorofa ya tatu.

"Uani hakuna ufa, mama? Ardhi haijatitia?"

"Hakuna kitu, baba."

"Mbona hapa naona udongo umevurugika, kuanzia ukutani mpaka kwenye kamba ya nguo?"

"Hiyo setilaiti yako inaniona?"

"Haikuoni, mama. Inaona udongo."

"Basi uulize huo udongo." Akafikiri kidogo. "Labda ni fuko."

Darubini akatazama tena. Pembe nne, kingo zimenyooka. Fuko huyo lazima alisomea upimaji wa viwanja. Angekuwa mtu mwingine angemwambia aache uongo, lakini huyu ni mkwe. Nyuma yake mkuu akagonga meza.

"Mama, nisamehe sana. Mlimani huenda watu wamefukiwa, na katapila ni moja. Nisipojua uani kwako kuna nini, linakuja kwako."

Mama mkwe akashusha pumzi.

"Lipeleke mlimani, mwanangu. Nimelima mimi, tangu juzi. Matuta ya viazi." Sauti yake ikapungua. "Mgongo ulishapona zamani. Lakini nikisema nimepona, mkeo atakuja kufanya nini huku? Siku hiyo moja tunacheka mpaka tunalia. Siku nyingine zote naongea na redio."

Darubini alimwonea huruma hata akasahau kuaga. Akaifuta ile nyekundu ya bondeni, akasema, "Mlimani. Nendeni sasa hivi." Na kweli, mlimani kilima kilikuwa kimeporomokea nyumba. Watu walitolewa wazima, vumbi mpaka kwenye kope, mmoja akilalamika kwamba katapila limemkanyagia sufuria.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni, uso umejaa wasiwasi.

"Umeongea na mama? Mgongo wake je?"

Mtu aliyeshinda siku nzima akitafuta ukweli wa udongo akainama kufungua kamba za viatu, taratibu, bila kumtazama.

"Umezidi," alisema. "Tetemeko limeutibua vibaya. Nadhani kila Jumamosi uwe unalala hukohuko mpaka Jumapili."