Mwambie Mchora Ramani Nani Ataoga Humo

Asubuhi, simu ya mteja imelazwa juu ya meza ya kukatia, na ndani ya simu kuna gauni. Fundi cherehani anaiinamia picha hiyo, anaikuza kwa vidole viwili, kisha anavuta tepu yake shingoni.

"Gauni zuri. Utalivaa wapi?"

"Harusini, kwa wifi yangu."

"Utakaa na wageni au utakuwa jikoni?"

"Jikoni, mama. Wifi ataniacha nikae?"

"Na huyo wa mgongoni bado ananyonya?"

"Ananyonya kama anadai."

"Basi zipu ya mgongoni haikufai. Mtoto akilia utavua gauni zima mbele za wakwe? Tuweke vifungo mbele."

Mteja anacheka. "Mama Pindo, nimekuja kushona au nimekuja kituo cha polisi?"

Wanamwita Mama Pindo kwa sababu nguo haitoki mikononi mwake mpaka pindo limekaa sawa, hata mwenyewe akisema liache hivyo hivyo. Kila anayeingia katika kibanda chake cha mabati hupimwa mwili, kisha huulizwa maisha. Kwake, picha ya nguo ni ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hana mtoto wako wala wifi yako.

Ajabu ni kwamba zamu yake ya kuwa mteja ilipofika, Mama Pindo naye alikwenda na picha.

Wewe unayesoma hapa na una kiwanja, au una mtoto anayetaka kujenga, tulia kidogo usikie. Huyu si mjinga. Ni mtu anayejua kazi, na bado nusura ajenge nyumba ambayo mama yake mzazi asingeweza kuishi ndani yake.

Kiwanja walikinunua yeye na mume wake, dereva wa lori, kwa kujibana. Miaka minne hakuna aliyevaa nguo mpya katika familia hiyo, na mama wa familia yenyewe ni fundi nguo. Walipokipata, hawakutaka ramani ya kuokota mtaani. Walitaka msanifu majengo, mtu aliyesomea, awachoree nyumba yao wenyewe.

Wakampata kijana mmoja mpole, mwenye miwani, ofisi yake safi. Mama Pindo akaweka simu mezani. Nyumba ya ghorofa moja, sebule imeshushwa ngazi mbili chini, vyumba vyote vya kulala viko juu.

"Mama, mko wangapi?" kijana akauliza.

"Watu wa kawaida tu."

"Kuna jambo lolote maalumu nilijue?"

"Hamna, mwanangu. Nichoree kama hii."

Jambo lilikuwepo. Mama yake mzazi anaishi naye, na miguu yake imechoka. Anatembea kwa fremu ya chuma ya miguu minne, anaisogeza mbele, anaifuata, anaisogeza tena. Katika nyumba ya kupanga wanamoishi sasa, bafu ni la wapangaji wote, liko nje, na mlango wake ni mwembamba, fremu haipiti. Kwa hiyo bibi huingia amemshika binti yake, na mlango unabaki wazi. Binti husimama hapo hapo ameshika kanga kama pazia, huku wapangaji wengine wakisubiri na ndoo zao.

"Sasa hayo utamwambiaje kijana wa rika la mwanao?" Mama Pindo anauliza leo, akikunja kitambaa ambacho hakihitaji kukunjwa. "Nianze kumweleza mama yangu anaogaje? Niliona haya. Nikasema wasomi hawa watajua wenyewe."

Hawajui wenyewe. Hilo ndilo la kwanza la kushika. Mchoraji anachora alichoambiwa, na asichoambiwa hubaki nje ya ukuta.

Ramani ikatoka, nzuri kweli kweli. Mume akaitazama kwenye simu akiwa safarini, akasema, "Mke wangu, hii nyumba au hoteli?" Fundi mwashi akaitwa, akakubali kuanza kuchimba msingi wiki hiyo hiyo.

Kilichowaokoa ni mapazia. Mama Pindo hakuweza kungoja nyumba isimame ndipo ajue mapazia yataangukaje. Akabeba mfuko wa mabaki ya vitambaa, akachukua ramani, akaenda kiwanjani kutandaza vyumba chini kama anavyotandaza vipande vya nguo kabla ya kukata. Kitambaa chekundu kikawa ukuta, cha bluu kikawa mlango, mawe yakazuia upepo. Bibi akasema naye anataka kuona. Akapelekwa.

"Mlango uko wapi?" bibi akauliza.

"Hapo uliposimama, mama."

Bibi akaingia na fremu yake, akigeuza shingo huku na huku, mgeni mwenye adabu katika nyumba isiyo na kuta. "Pakubwa! Na mimi nalala wapi?"

"Juu."

Bibi akatazama mawinguni. "Juu? Mbona mnaniharakisha hivyo?"

Wote wakacheka, hata fundi mwashi aliyekuwa akipima kona. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Akataka kuona msalani. Chini palikuwa na choo kimoja tu, cha wageni, kimebanwa chini ya ngazi. Akaingia. Akajaribu kugeuka. Miguu ya fremu ikakanyaga kitambaa chekundu upande huu, akairudisha, ikakanyaga upande ule.

"Mama, umekanyaga ukuta."

"Mimi? Ukuta ndio umenikanyaga."

Akatoka kinyumenyume, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka. Mama Pindo alisimama na mfuko wake wa vitambaa akimtazama.

Fundi mwashi akasema kama wasemavyo mafundi wengi: "Hilo dogo, mama. Tuchimbe tu, mengine tutarekebisha mbele ya safari. Bibi tutamjengea kachumba huku nyuma."

"Kachumba nyuma?" Mama Pindo alimgeukia. "Mama yangu ni kuku? Weka jembe chini."

Jembe likawekwa chini. Ndugu yangu, ramani hufutwa kwa mkono. Msingi ukishamwagwa, huufuti.

Kabla ya kurudi kwa msanifu, Mama Pindo alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Aliomba kuonyeshwa nyumba nyingine aliyoichora kijana yule, na watu wanaishi ndani. Akapelekwa. Mama mwenye nyumba akamkalisha sebuleni, akaisifu nyumba weee. Mama Pindo akaomba maji ya kunywa, akamfuata hadi jikoni. Huko ndiko akasikia ya kweli: nyumba ina hewa, haina joto, lakini mvua ya upepo huingia jikoni, kwa sababu fundi alifupisha paa na mchoraji hakuwepo kumzuia. "Hatukukubaliana kama atakuja kukagua," yule mama akamwambia. "Sisi tulidhani atakuja. Yeye alidhani tumemalizana."

Basi siku ya kurudi ofisini, Mama Pindo alikwenda ameweka haya kando. Akaeleza yote: fremu, bafu la nje, kanga, wapangaji na ndoo zao. Kijana akavua miwani.

"Mama, nilikuuliza kama kuna jambo maalumu."

"Uliniuliza, nikakuficha. Lakini na wewe uliridhika haraka mno, mwanangu."

Kijana akakubali kwamba hakuuliza mara ya pili. Akaeleza pia bila kuficha: kusogeza dirisha si kazi, lakini kuleta chumba cha kulala chini kunahamisha ngazi na nguzo, na mhandisi lazima apige hesabu upya. Hiyo ni malipo mengine. Mama Pindo akawaka. Hakuna aliyemwambia mwanzo marekebisho yapi yamo kwenye bei na yapi hayamo. Wakavutana, wakashushana, mwisho wakagawana gharama. Safari hii wakaandika: atarekebisha mara ngapi, atafika kiwanjani lini na lini, na nani atapeleka michoro kuomba kibali.

"Vitu vya kuulizana siku ya kwanza, wakati mnacheka," anasema Mama Pindo. "Sisi tuliulizana tumenuna."

Kisha kijana akaomba kitu ambacho mama huyu hakukitegemea. Akaomba aje nyumbani kwao.

Alikuja na tepu yake mwenyewe. Akapima fremu ya bibi, upana wake na nafasi inayotaka ikigeuka. Akatazama bafu la nje. Halafu akakaa kwenye kigoda mbele ya bibi.

"Bibi, katika nyumba hiyo, wewe unataka nini?"

Mama Pindo alikuwa tayari kumjibia. Dirisha kubwa, sakafu isiyoteleza, vyuma vya kushikia ukutani. Bibi akamkata kwa mkono.

"Mjukuu wangu, nataka bafu lenye komeo ndani. Ninalolifikia mwenyewe. Nifunge mimi, nifungue mimi."

Kijana akauliza mkono wake unafika wapi. Bibi akaunyoosha ukutani, kijana akapawekea alama kwa kalamu.

Mama Pindo alitoka nje kidogo.

Ramani mpya sasa iko kwenye maombi ya kibali. Chumba cha bibi kiko chini, sebule haina ngazi, na bafu lina mlango mpana. Kibali kikitoka watachimba, na Mama Pindo anaomba miguu ya mama yake iwangojee.

Watu wanamuuliza kama atafanya sherehe ya kuhamia. Hana mpango huo. Anasema siku ya kwanza atamwachia mama yake maji ya moto bafuni, kisha atakwenda kukaa sebuleni, asimfuate, asishike kanga yoyote. Atakaa kimya asikie komeo likifungwa kwa ndani.