Kinyozi Anayetikisa Kichwa

Mume wangu ni kinyozi, na nimechoka kumweleza kila mtu kwa nini anatikisa kichwa akiwa kazini. Hana wazimu. Hajalewa. Ana jicho moja, basi.

Lile la pili liliharibika mwaka juzi akinoa mkasi; mashine ilirusha chembe ya chuma na daktari akashindwa kuliokoa. Kidonda kilipona, lakini aliporudi kazini alikuta shida ambayo hakuna aliyemwambia. Mtu akibaki na jicho moja hajui tena kitu kiko karibu kiasi gani. Nyumbani alimimina chai pembeni ya kikombe, mbele ya mama mkwe wangu, kisha akasingizia kikombe. Na huyo ndiye mtu wa kushika wembe.

Dawa niliiona mimi, kwa kuku wangu. Kuku macho yake yako ubavuni mwa kichwa, kila moja linatazama upande wake, na hayazunguki sana kama yetu. Kwa hiyo anazungusha kichwa. Akitembea, anakisukuma mbele, anakituliza mpaka mwili ukifikie, anakisukuma tena. Katika utulivu ule wa kufumba na kufumbua ndipo anapoona. Na akitaka kujua umbali hukipeleka huku na huku: kilicho karibu kinahama sana, kilicho mbali kinahama kidogo. Asipofanya hivyo atadonoa hewa, na kipanga akija atachelewa kumwona. Nilimwita mume wangu uani.

"Baba watoto, hebu mwangalie huyu."

"Unanifananisha na kuku?"

"Kuku hamwagi chai."

Alinuna siku mbili. Ya tatu alianza mazoezi ya kunyoa maputo aliyoyapaka sabuni, huku akipeleka kichwa huku na huku kama kuku. Yalipasuka saba, watoto wakishangilia. La nane lilibaki zima, safi kabisa.

Tangu hapo hakuwahi kumkata mtu. Shukrani yake ikawa nini? Wateja walianza kumwita Jogoo. Walimtazama kwenye kioo, kichwa kikienda kushoto, kulia, wakacheka, kisha wakahamia kiti cha kinyozi mwenzake, ambaye ana macho mawili na kila wiki lazima amtoe mtu damu.

Jumamosi moja nilipeleka taulo za kinyozini, maana mimi ndiye ninayezifua, nikamkuta bosi wao mwenyewe ameketi kwenye kiti cha mume wangu, kidevu kimejaa povu. Kwenye benchi walikuwepo watu watano.

"Karibu, shemeji," akasema. "Namjaribu fundi. Akininyoa bila kutikisa kichwa, anabaki. Akishindwa, kiti nampa mwingine. Wateja wanaogopa, nifanyeje?"

Mume wangu alisimama ameikaza shingo. Wembe ulishuka, ukasita hewani, ukashuka tena, ukagusa shavu kabla hajautarajia. Damu ikachora mstari kwenye povu.

"Unaona?" bosi akasema.

"Naona umemziba jicho, halafu unamlaumu haoni." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwache anyoe anavyojua."

Mume wangu hakusubiri ruhusa. Kichwa kikaenda kushoto, kulia, na wembe ukafuata, mwepesi, mpaka chini ya pua. Bosi alijipapasa kidevu, akajitazama kiooni kwa muda mrefu.

"Safi," akakiri. "Lakini shida si kidevu changu, shemeji. Shida ni hao." Akaonyesha benchi. "Akipata wa kukaa hapa leo, kiti ni chake."

"Anayefuata," mume wangu akaita.

Mmoja alitoa simu. Mwingine akasema ana haraka, akabaki ameketi. Kiti cha mwenzake kilikuwa na mtu, nao wote walikuwa wanakisubiri hicho hicho. Nilimwona mume wangu akikung'uta kiti kitupu, mara mbili.

Nikaweka taulo chini, nikavua kitambaa kichwani, nikaketi. "Wa kukaa amepatikana," nikamwambia bosi. Nywele zangu sikuwa nimezikata tangu tuoane.

"Nipunguze wapi?" akauliza polepole.

"Nyoa zote. Kwa wembe."

Alinitazama kiooni, kichwa kikaanza kwenda. Nywele zilianguka mapajani fungu kwa fungu. Kwenye benchi hakuinuka mtu; wote walikuwa wakiutazama wembe.