Shohamu Nyeupe ya Baba

Mimi nakata vito. Nina mashine yangu kwenye karakana ndogo pale mjini Moshi, upande wa Mawenzi, na kutwa nzima mikono yangu haikauki maji. Wateja huuliza jiwe hili lina maana gani, nami huwajibu kadiri ya walichokuja nacho moyoni. Oniksi ndiyo yenye maneno mengi. Mmoja atakuambia inakinga husuda, mwingine inatuliza hasira, mwingine eti inagombanisha wapenzi. Hiyo ya kutuliza hasira ni uongo mtupu, maana naishika kila siku na ninavyojijua najijua.

Mchumba wangu nilimtengenezea pete ya oniksi kwa mikono yangu mwenyewe. Jiwe jeusi tii, fedha pembeni. Alipopanda Old Moshi kujitambulisha nyumbani kwetu, alitoa shikamoo akanyoosha mkono, na baba akauangalia ule mkono bila kuupokea. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetamka: hiyo ni pete ya majini, kama zile zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme, utajiri ndani ya siku tatu. Baba ni mzee wa kanisa. Aliinuka akaingia chumbani, na mtori ukapoa mezani.

Masharti yakaja kesho yake. Pete itupwe, na kijana atubu mbele ya wazee, la sivyo posa isiletwe. Kuivua, mchumba wangu angeivua saa ileile. Kutubu ndiko alikokataa. Atubu kosa gani, wakati pete katengenezewa na binti wa nyumba hiyohiyo? Nikampigia baba simu nikamweleza kwamba ni oniksi, nimeikata mimi. Akasema basi na kazi hiyo niiache. Wiki mbili sikulala vizuri. Niliwapenda wote wawili, na wote wawili niliwakasirikia, vichwa vigumu wale.

Fundi mzee aliyenifundisha kazi alipozisikia habari hizi alicheka hadi akakohoa. Akasema nimempelekea mtu wa Maandiko jina la Kizungu. Kwa Kiswahili cha kanisani, oniksi ndiyo shohamu.

Shohamu! Baba alitulea kwa shohamu. Jioni tukimenya ndizi jikoni alitusimulia mavazi ya kuhani, jinsi majina ya wana wa Israeli yalivyochorwa juu ya shohamu mbili, kuhani akayabeba mabegani. Na kila mara alimalizia kwamba shohamu ni nyeupe pee, kama theluji ya Kibo asubuhi. Hakuwahi kuiona hata siku moja. Sisi tuliamini, na watoto aliowafundisha kanisani waliamini, wengine sasa wana wajukuu.

Jumamosi nikapanda mlimani na kipande cha jiwe ghafi kwenye mkoba. Nilimkuta kihambani, chini ya migomba, akipogoa kahawa. Aliitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamwambia oniksi ndiyo shohamu.

"Shohamu si nyeusi," alisema. "Usinifundishe Maandiko kwa sababu una mashine."

Ulimi uliniwasha. Nikaumeza, nikamwekea bakuli la maji, msasa wa karakana na lile jiwe, ambalo kwa juu lilikuwa jeupe. Nikamwambia shohamu yako hiyo, baba, isugue mwenyewe. Sikuwa nimelijaribu, makusudi, asije akasema nimelichezea. Pembeni niliona mstari mweusi, lakini mstari unaweza kuwa doa tu. Kama lingekuwa jeupe hadi chini, kazi imekwenda na mume amekwenda.

Alisugua. Maji yakageuka kama maziwa. Shangazi akaja akasimama, mikono kiunoni, akauliza kama hatuli leo. Baba alisugua jinsi anavyolima, bila haraka na bila kupumzika, na jiwe likabaki jeupe, jeupe, jeupe.

Kisha mkono wake ukapunguza mwendo. Alilichovya jiwe majini, akalifuta kwenye shati, akalisogeza karibu na macho. Katikati ya weupe palikuwa na weusi wa ukubwa wa punje ya kahawa. Akasugua tena kwa nguvu, na weusi ukapanuka.

"Miaka yote hiyo nimewaambia watu ni nyeupe," alisema.

Nilikuwa nimekuja kushinda, na sikuona raha yoyote. Nilimwambia nyeupe nayo ipo, baba. Juu nyeupe, chini nyeusi, na wachongaji wa zamani walikwangua ile nyeupe ili jina lisomeke kwenye weusi. Alikwenda hadi mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kukataa huwezi. Lakini sijawahi kuona mzee akimpelekea kijana, tena kijana ambaye hata mkwe bado hajawa.

Baba alinikabidhi lile jani kwa mikono miwili, vidole bado vyeupe kwa vumbi la jiwe.

"Mpelekee," alisema. "Na akija, aje ameivaa."