Mbuzi wa Banki

Mpaka leo nikipita Beni namwomba dereva asisimame karibu na mtaa wa wakwe zangu, maana aibu niliyoipata pale, mbele ya watu waliovaa nguo za sherehe, mimi ambaye kanisani kwetu Butembo ndiye ninayefundisha wanandoa namna ya kukaa mbali na deni (hakuna aliyenisomesha mambo hayo, nilijisomea mwenyewe, kitabu kwa kitabu), bado haijanitoka.

Ilianza kidogo sana. Mtoto wangu Paluku alikuwa anamwoa Kavira, msichana wa Beni, na mahari kwetu ni mbuzi. Pesa ya kuwanunua nilikuwa nayo, dola nilizozitunza miaka mingi ndani ya sanduku, lakini nilipozitoa nikashtuka: nyingine zimepasuka pembeni, nyingine zimelainika kama kitambaa, na mnajua kwetu dola yenye mpasuko hata mdogo kama ukucha, muuza mbuzi wa soko la Musienene anakurudishia bila kukutazama usoni. Na kesho yake ilikuwa siku ya soko. Basi nikachukua kadi yangu ya mkopo, ile ambayo banki inakukopesha kwanza nawe unalipa baadaye, nikaenda kwenye mashine nikatoa dola mpya kabisa. (Somo langu la kwanza kanisani ni hili: usitoe kamwe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, riba inaanza siku ileile. Nililikumbuka nikiwa mbele ya mashine. Nikajiambia ni ya usiku mmoja tu, nikitoka sokoni nitapeleka banki zile za sanduku, deni litakwisha.)

Mbuzi nikapata, wazuri. Nikaenda banki na dola zangu. Mama wa gishe, yule anayepokea pesa dirishani, akaziinua kwenye mwanga, akanisukumia.

"Papa, hizi zimepasuka."

"Mais mama, ni feza yangu! Ile nilitoa kwa karte ni ya mbuzi za mahari ya mutoto!"

"Hata ya mahari, papa. Banki hapana kupokea."

Nikasimama pale kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Nikalipa kile kiasi kidogo kabisa ambacho banki inadai kila mwezi, kisha nikajidanganya (mimi, mwalimu!) kwamba deni lililobaki litaningoja kimya mpaka mahari ipite.

Siku yenyewe ya mahari, wiki kadhaa baadaye, tulitangulia Beni, mbuzi wakafuata kwa lori, na lori likachelewa. Msemaji wa ukoo wa Kavira alikuwa amekwisha kunisifu kwamba mimi ni mtu wa hesabu safi, ndipo simu yangu ikalia, na shangazi ya Kavira, Mama Masika, akapaza sauti: "Ni shofere wa lori huyo! Weka haut-parleur, tusikie wote mbuzi ziko wapi." Nikaweka bila kutazama namba.

"Bonjour papa, ni banki. Ni juu ya deni ya karte yako, ile ulisema ni ya mbuzi za mahari. Intérêt, ile riba yake, iko napanda kila siku, papa."

Nikatafuta mahali pa kuzima, nikabonyeza pengine, sauti ikazidi: "Papa, uko nanisikia?"

"Iko nakusikia," Mama Masika akajibu. "Na siye tuko nakusikia."

Na lori nalo likachagua dakika hiyo kuingia uani, mbuzi wakilia. Mama Masika akashika kamba ya wa kwanza.

"Papa Paluku, hii mbuzi mwenyewe ni nani? Ni weye ao ni banki?"

"Ni mimi, mais..." Lakini hiyo sikuimalizia.

"Ile 'mais' njo banki."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mutoto wetu hatuwezi kumutoa juu ya mbuzi ya mutu mwingine. Banki ikikuja kuzikamata, Kavira atabakia na kamba? Muzirudishe."

Chakula walitupa, heshima haikukosekana, ila mbuzi hawakushuka. Nilirudi nao Butembo ndani ya lori, na tai yangu shingoni, Paluku kando yangu ameshika kamba za mbuzi. Tulipoingia mjini akanigeukia.

"Papa, ni weye ulitufundisha."

Nikauza nusu ya mbuzi. Dola za sanduku nikawapa wabadilishaji wa barabarani, wakazikata bei bila huruma, nikalipa deni lote. Kisha tukarudi Beni na mbuzi waliobaki, tukiomba watungojee kwa wengine.

Mama Masika hakuwatazama mbuzi. Alionyesha meza. "Kwanza simu. Haut-parleur."

Nikaiweka. Tukakaa, familia mbili nzima, tukitazama simu mpaka chai ikapoa. Haikulia. Ndipo akainuka kupokea kamba, na Paluku akapumua.

Kwa kadi hiyo sitatoa tena pesa, hata ya usiku mmoja. Na ninapofundisha sasa naanza hivi: pesa uliyo nayo ni ile ambayo mama wa gishe atakubali kuipokea, si ile unayoijua wewe na sanduku lako. Halafu nazima simu.