"Kidogo tu, alhamdulillahi": majuto ya mkalimani wa Mokowe

Saa mbili na nusu asubuhi, Bwana Famau anaambiwa na daktari akohoe, naye anakohoa kwa adabu, kiganja mdomoni, kama mtu aliye msikitini.

"Si hivyo, Bwana Famau," Twahira Bakr anamwambia taratibu. "Kohoa kama unavyokohoa kwako."

Mzee anamtazama daktari, anamtazama Twahira, kisha anakohoa kikweli. Kikohozi kinamkunja mpaka anashika ukingo wa meza. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya jambo na asante, anaacha kuandika na kuchukua kifaa chake cha kusikilizia kifua.

Hii ni zahanati ndogo ya wahisani hapa Mokowe, hatua chache kutoka gatini. Madaktari wa kujitolea huja kutoka ng'ambo kwa majuma matatu, huondoka, kisha huja wengine. Safari hii wako wawili, huyu wa kifua na mwenzake wa macho. Wagonjwa hutoka Lamu mjini, Pate, hata Kiunga. Kati ya mgonjwa na daktari husimama Twahira, mwenye miaka arubaini na miwili, akiyapokea maneno huku na kuyapeleka kule.

Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi mia nane kwa siku. Madaktari wakiondoka, malipo nayo hukatika, naye hurudi kwenye sindano yake ya kushona kofia. Kofia moja yenye vito vizuri, vile vitundu vinavyodariziwa kwa uzi, humla miezi miwili.

Kiingereza chake hakukipata chuo kikuu. Alikiokota Ras Kitau, katika hoteli moja alikofanya usafi wa vyumba kwa miaka tisa mpaka ilipofungwa. Msimamizi wake, Bi Chelangat, alikuwa mwanamke wa bara asiyependa maelezo marefu. Alimwambia agonge mlango, akagonga. Akamwambia agonge tena, "softly", na yeye mwenyewe akaonyesha kwa kidole kimoja, polepole.

"Hapo ndipo nilipoelewa," anasema Twahira. "Kugonga kila mtu ajua. Kazi iko kwenye unagongaje. Kitenzi chasema nini kimetokea, na lile neno lake la pembeni ndilo limwambialo mtu akimbie au akae."

Anayasema haya bila majivuno. Laiti angeyakumbuka siku moja tu, miaka miwili iliyopita, pengine leo asingekuwa na la kusimulia.

Siku hiyo foleni ilifika barabarani. Aliingia Bi Huwaida, mwalimu wa chuo cha Kurani wa mtaani kwao Lamu, mtu aliyewafundisha nusu ya wanawake wa Langoni kusoma, Twahira akiwamo. Alikuwa amejifunga leso kichwani kufunika jicho la kushoto, na alitembea akigusa ukuta.

"Alinisalimu salamu fupi," Twahira anakumbuka. "Assalamu alaikum, basi. Hakuuliza mamangu, hakuuliza watoto. Maalim Huwaida hajapata kunisalimu vile tangu nizaliwe. Niliona, wallahi niliona. Lakini nyuma yake walikuwa watu sitini."

Daktari wa siku hiyo aliuliza kama maumivu yalianza ghafla, na kama yanauma sana. Twahira akauliza kwa Kiswahili. Bi Huwaida akajibu kama wanavyojibu watu wa heshima wa Lamu, wasiopenda kumlalamikia Mola wao mbele ya mgeni. "Kidogo tu, mwanangu. Lilianza kidogo kidogo. Alhamdulillahi."

Twahira akageuka kwa daktari, akamwambia lilianza polepole, kisha akasema, "It hurts slightly."

Neno hilo moja, slightly, lenye maana ya kidogo tu, lilikaa sawasawa pembeni ya kitenzi chake. Daktari akaandika dawa ya matone na kumwita mgonjwa mwingine. Nyuma ya ukuta wa zahanati Bi Huwaida akatapika kwa maumivu, na hakuna aliyemwona ila muuza maji. Siku ya nne jamaa zake walimchukua mpaka Mombasa. Huko waliambiwa kwamba presha ya jicho ilikuwa imepanda kwa ghafla, kwamba lingewahiwa mapema huenda lingepona, na kwamba sasa halioni tena.

Wenzake wa zahanati walimwambia Twahira hana kosa, kwani alitafsiri alichoambiwa. Yeye hakubali. Anasema alijua kabisa kwamba lile "kidogo" halikuwa jibu, lilikuwa adabu.

"Nilipaswa kumuuliza mara ya pili," anasema, akizungusha pete kidoleni. "Nikaona haya. Mtu aliyenifundisha Alhamdu, nimrejelee swali mbele ya mwanamume mgeni, kama kwamba hasemi kweli? Nikaificha haya yangu kwenye kazi. Hilo lanila mpaka yeo."

Kwa miezi mingi alipita uchochoro wa mbali ili asiupite mlango wa mwalimu wake. Lamu si mji wa kujificha. Ukimkwepa mtu asubuhi utakutana naye jioni. Mwishowe Bi Huwaida mwenyewe alimtumia ujumbe: kama umenichoka niambie, kama hujanichoka ndoo kwangu.

Alikwenda. Alilia, Bi Huwaida akamwachia alie, kisha akamwuliza habari za mamake na za watoto, mmoja mmoja, kama zamani.

Kutoka hapo lilizaliwa darasa la Alhamisi. Kila wiki baada ya alasiri, wanawake kumi na wawili hukaa mkekani katika kiwanda cha nyumba ya Twahira, ule ua wa ndani usio na paa, na kujifunza Kiingereza cha kumweleza daktari maumivu yao wenyewe. Halipi mtu, isipokuwa anayejisikia kuleta sukari.

Alhamisi hii, baada ya kuvuka kutoka Mokowe, Twahira anaandika kitenzi kimoja ubaoni, "breathe", na kumtaka kila mmoja apumue. Kisha anaongeza "fast", wanapumua mbio mbio, na Radhiya, mwenye mwili, anaomba aruhusiwe kufa nyumbani kwake. Kicheko kinakwenda mpaka jirani anachungulia dirishani.

Vitenzi huvishika upesi. Lile neno la kusema namna gani ndilo humezwa. Twahira anawaambia yako maneno yanayokitangulia kitenzi kama mpambe wa bibi arusi, mfano "always", yaani kila wakati. It always hurts. Mengine hufuata nyuma, mfano "badly", yaani vibaya. It hurts badly. Sumeiya, mdogo kuliko wote, anataka kusema halali usingizi ila kwa shida. Anajaribu, "I hardly sleep," kisha anauliza kwa wasiwasi kama hajasema kwamba analala fofofo.

"Umesema vizuri," Twahira anamjibu. "Hardly ni kwa taabu. Lakini shida yenu si Kiingereza. Nyinyi kila kitu ni kidogo. Homa kidogo, njaa kidogo, mume kaniacha kidogo."

Wanacheka tena. Karibu na mlango, kwenye kiti pekee cha ua huo, Bi Huwaida hacheki. Huja kila Alhamisi, hufungua darasa kwa Fatiha, na Kiingereza chenyewe hakimshughulishi sana. Twahira humtazama yeye kuliko anavyoutazama ubao. Madaktari wa Mombasa walionya kwamba jicho la kulia nalo laweza kuvamiwa vilevile, na siku litakapoanza kuuma asingoje hata saa moja.

Leo ameingia akiwasalimu wote kwa neno moja. Hakuuliza ya mtu.

Twahira anaweka chaki chini na kumtazama jichoni. "Maalim, ito lako la kulia li hali gani?"

"Alhamdulillahi. Kidogo tu."

Twahira anakwenda kukaa mkekani mbele ya kiti, chini ya miguu ya mwalimu wake, pale alipokuwa akikaa na juzuu mapajani akiwa na miaka sita.

"Niwie radhi, Maalim. Nakuuliza mara ya pili."

Mkono wa Bi Huwaida unapapasa, unatafuta kichwa cha Twahira, unakipata.

"Laniuma, mwanangu," anasema. "Tangu alfajiri laniuma sana. Taa naiona ina duara. Na siku ile pia liliniuma sana, nami nikakwambia kidogo. Ni mimi niliyekutia majutoni, siyui kwa nini sikusema."

Twahira anatafuta buibui lake. Sumeiya ametangulia gatini kuzuia boti ya Mokowe, na Radhiya amemshika mwalimu mkono mmoja. Hakuna aliyelifunga darasa. Ubaoni "breathe" na "fast" yamebaki kama yalivyo.

Botini Bi Huwaida amefumba macho na kuegemea bega la mwanafunzi wake. Twahira amempigia daktari wa macho, ambaye anawangoja zahanatini. Midomo ya Twahira inacheza, anaipanga sentensi kabla hawajafika: lilianza ghafla, linauma sana, anaona kwa shida. Anairudia kwa Kiingereza, polepole, asipunguze hata neno.

Mwandishi wa makala haya anamwuliza ana mpango gani baada ya leo na hilo darasa lake. Anatikisa kichwa.

"Ya darasa tutayaona Alhamisi," anasema. "Sasa naomba Mola tuwe tumewahi."