Kambare na Maziwa

Nilipelekwa chuoni Kau, mji mdogo wa mtoni, nikiwa na umri wa kama miaka kumi na minne. Tulitoka na baba mbuga za Garsen, akanikabidhi kwa mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa akinunua samli yetu. Maagizo yalikuwa mafupi: niisome Kurani mpaka niikhitimu, kisha nirudi kwenye ng'ombe.

"Akigeuka mtu wa hapa," baba alimwambia mjane kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mimi nakuja, nachukua. Hata kama bado kumaliza."

"Shemeji, ondoa shaka. Utamkuta Muorma vilevile ulivyomwacha."

Alitimiza ahadi hiyo kupita kiasi. Kila mlo, wanawe wawili walikula wali na kambare kwa mchuzi wa nazi. Mimi nilipewa wali mtupu na bakuli la maziwa. Kau nzima ilijua kwamba watu wa ng'ombe hawali samaki, na ni kweli. Kwetu aliyekula samaki haruhusiwi kukamua, kwa kuwa inasemwa ng'ombe akiisikia harufu hiyo hukauka maziwa. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuniuliza.

Chuoni nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Ng'ombe wa mwalimu akipotea, wenzangu walisema, "Mtumeni Muorma, ndugu zake hao." Sikuwaambia kwamba nyumbani nilikuwa mchungaji mbaya, niliyewahi kusahau ndama machakani kwa sababu nilikuwa nafikiria jambo jingine. Nikinyamaza, walisema nina hasira za Kiorma. Mara nyingi nilikuwa ninajiuliza tu kama nilimwamkia mwalimu kabla au baada ya kuvua viatu.

Katika mwezi wangu wa tatu pale nilianza kumtamani kambare. Nilitumia siku kadhaa kuichunguza tamaa hiyo. Sikuwa na hakika kama ni ulimi wangu uliomtaka, au ni uchovu wa kuitwa Muorma. Mwisho nikaona kwamba bila kuonja sitajua.

"Mama, nipe kipande," nilisema.

Mjane alishika upawa hewani. "Cha nani?"

"Changu mimi."

"Baba yako ataninyonga."

Alinipa, na kilikuwa kitamu. Lakini alipokwisha kunipa aliliondoa bakuli la maziwa mbele yangu. Samaki na maziwa, alisema, havikutani katika tumbo moja. Anayevichanganya hutokwa na mbalanga, yale madoa meupe yasiyopona. Na kwake samaki hakosekani hata siku moja. "Chagua, mwanangu. Kimoja au kingine."

Nilichagua samaki, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni.

Wanawe walifika chuoni kabla yangu. "Muorma kala samaki!" Wenzangu walinizunguka, mmoja akaleta kichwa cha kambare mkavu ili nile wakiona. Nilikula. "Haya! Leo umekuwa mtu!" walisema, wakanipigapiga mgongoni. Tangu siku ile hawakuniita tena Muorma, waliniita mwenzetu. Siku moja wachungaji walipopita kuelekea sokoni, mwenzetu mmoja alijiziba pua na kusema, "Samli hiyo inakuja, na watu wake nyuma." Kisha wote wakanitazama mimi. Nilicheka, si sana. Kicheko kile nilikifikiria siku nne, na sikupata njia ya kukirudisha.

Baba alikuja wakati wa kiangazi, adhuhuri, amebeba kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi kama tunavyofanya kwetu. Mjane alinivuta jikoni.

"Leo wewe ni Muorma, umesikia? Kunywa maziwa yako, kaa kimya. Juzuu ngapi zimebaki?"

"Kumi na moja."

"Basi usiziharibu kwa kipande cha samaki."

Alisema kweli. Nilizitaka juzuu zile kumi na moja kuliko kitu chochote; chuoni ndipo mahali pekee ambapo kukaa na jambo moja siku nzima hakukuhesabiwa uvivu. Nilirudi mkekani nikaketi karibu na baba. Mlangoni walisimama wenzangu wawili wa chuo, wamekuja kutazama. Nikinywa maziwa na kunyamaza, baba angefurahi kwa uongo. Nikila samaki peke yake, wale wa mlangoni wangenipigapiga mgongo tena. Niligundua kwamba nilivitaka vyote viwili, na kwamba hilo sikuwa nimemwambia mtu.

"Mama," niliita, "na kambare."

Aliileta sahani. Nilikula kipande kizima. Baba hakunitazama mimi, aliitazama sahani.

"Ndiyo, amegeuka," alisema, akaanza kuinuka. "Chukua nguo zako."

Nikakitwaa kibuyu na kunywa juu ya samaki, mafunda matatu.

"Tema!" mjane alipiga kelele. "Tema, mbalanga hiyo!"

"Acha!" baba naye alisema. "Mdomo wa samaki ndani ya kibuyu cha ng'ombe!"

Walikishika kibuyu wote wawili, kila mmoja upande wake, wakanipokonya. Mlangoni hakuna aliyecheka. Baba alimgeukia mjane.

"Hapa kwenu watu nafanya hivi?"

"Hapa? Sijaona tangu nizaliwe. Mimi nilidhani ni mambo ya kwenu."

"Kwetu hapana."

Baba aliketi tena. Alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo Kau wangeliita hasira. Mimi nilijua kwamba anafikiri. Nadhani hilo nimelirithi kwake.

"Mimi nilisema akigeuka mtu wa hapa nachukua," alisema mwishowe. "Huyu si mtu wa hapa."

"Wala wa kwenu, shemeji."

"Wala wa kwetu. Basi asome." Akakisukuma kibuyu kwangu. "Hiki chako. Kwa ng'ombe hakirudi."

Nilimaliza zile juzuu kumi na moja. Wenzangu walijaribu majina mawili matatu, hakuna lililokaa. Nyumbani siku hizi sikamui. Hilo lilimuuma mama yangu zaidi ya baba, na nikiwa peke yangu huniuma mimi pia. Kibuyu changu hutundikwa mbali na vya wengine. Kau nako mjane ameniwekea sahani ambayo wanawe hawaigusi, wakiogopa madoa. Hakuna mtu mwingine ninayemjua mwenye chombo chake peke yake katika nyumba mbili.

Mbalanga haijatoka. Lakini kila alfajiri, kabla ya kutawadha, huisogeza mikono yangu karibu na mwanga na kuikagua, mbele na nyuma.